Sataranji ya Mzee Mselem na Kibaraza Kizima

Mzee Mselem alifanya kazi ya ukarani bandarini miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kukosea. Mimi ni Tadeo, fundi viatu wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Kibaraza ninachoshonea ndicho alichokihamia siku ya pili ya kustaafu. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona, na mengine, Mungu anisamehe, nimeyashiriki.

Mzee ana binti mmoja, Hafsa. Alimtafutia mchumba wa Pangani, mwenye minazi yake na heshima zake. Binti akakataa, akaenda zake Dodoma kufanya kazi. Kwa miaka miwili mazungumzo yao ya simu yalikuwa, "Shikamoo, Baba." "Marahaba. Mama yako huyu hapa." Basi. Mzee alisema hajali. Simu ikilia aliinyakua kabla haijamaliza mlio wa kwanza, lakini hajali.

Ndipo Hafsa akamtumia programu ya kujifunza sataranji. Alijua baba yake ni bingwa wa drafti, akaona labda kwenye mchezo watapata la kusemezana. Wangecheza wao wawili kwa simu, kila mmoja akiwa na siku nzima ya kufikiria hatua yake.

Masomo yenyewe yalikuwa na njia mbili. Ya kwanza, unajichagulia. Ya pili, programu inakupima: ukipatia inakupandisha, ukikosea inakurudisha nyuma. Hafsa alimshauri ashike ya pili. Mzee akacheka kwa pua.

"Mtu mzima na akili zangu, nichaguliwe somo na simu?"

Akajichagulia. Alipitisha macho kwenye orodha, akaruka kila somo lenye neno askari, ile kete ndogo kuliko zote, akatua kwenye somo la kumtoa sadaka malkia, kete yenye nguvu kuliko zote. Alilisoma wiki mbili, akaiva. Ikawa kila mchezo anamtoa malkia wake mapema, kwa madaha, halafu hajui kinachofuata. Hafsa alimfunga mara tisa. Simu, zilizokuwa zimeanza kurefuka kwa ajili ya mchezo, zikaanza kupungua tena, maana hata mtoto mwenye adabu huchoka kumfunga mzazi.

"Tadeo," aliniambia siku moja, safari hii bila kiburi, "huyu akinichoka, sina kingine cha kuzungumza naye."

Akahamia njia ya pili. Programu ikampa somo la mfalme na askari mmoja. Akakosea. Ikampa jepesi zaidi, akakosea. Ikamrudisha mpaka farasi anatembeaje.

"Nimepokea meli za mataifa yote," alifoka, "leo nafundishwa farasi!" Akanisukumia simu. "Hebu nawe tazama."

Sasa, kwetu hapa drafti haichezwi na watu wawili. Wawili wanakaa, wanane wanacheza. Usipompigia mwenzio kelele "Mle huyo! Mle!" watu watakuuliza kama unaumwa. Kwa hiyo hakuna aliyeona vibaya. Nilijibu mimi, akajibu Masoud muuza kahawa, na Mwalimu Robert, anayefundisha hisabati na aliyewahi kucheza sataranji chuoni, akaanza kupita kila jioni "kusalimia tu". Programu ikapiga tarumbeta na kumwaga nyota kwenye kioo. Kila somo likawa gumu kuliko la jana, likipanda na mwanafunzi wake kadiri alivyopatia, kama programu ilivyoahidi. Ila mwanafunzi alikuwa na vichwa vinne, na kile chenye kofia, cha mzee mwenyewe, ndicho kilichoelewa kidogo kuliko vyote.

Michezo na Hafsa nayo ikawa yetu. Tukamfunga mara moja, tukatoka sare mara mbili. Akapiga simu kwa furaha.

"Baba, umefika daraja la juu! Umewezaje?"

"Kutulia tu, mwanangu," akasema mzee, huku sisi watatu tukikagua viatu vya watu.

Sasa binti akawa anapiga kila siku, nusu saa nzima. Wakimaliza sataranji wanaingia habari za kazini, mafua ya mama, majirani wa Dodoma wasiojua kupika samaki. Mzee akanenepa. Nani angekuwa na roho ya kumwambia aache?

Sikukuu ya Idi, Hafsa akaja nyumbani na ubao wa mbao. Akauweka kwenye kibaraza changu mchana kweupe, akatuamkia mmoja mmoja, kisha akasema kwa upole, "Wajomba, leo nawaomba mkae kimya."

Mzee akaniangalia mimi. Nikaangalia sindano yangu. Masoud akainuka kwenda kulitafuta birika, na birika alikuwa amelishika mkononi.

Ilichukua dakika kumi na mbili. Mzee alitoka jasho, akafungwa, wala hakubisha.

"Hafsa," akasema, "nilikuwa nasaidiwa. Zile hatua nzuri zote ni za hawa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Najua, Baba. Tangu wiki ya kwanza. Mtu mmoja hawezi kuwa na tabia nne." Alikuwa akizipanga kete upya, polepole. "Lakini katikati ya zile nzuri ilikuwa inakuja moja mbaya, mbaya kwelikweli, asubuhi na mapema. Hiyo ndiyo niliyokuwa naingoja. Ikifika, najua Baba ameamka, mzima."

Ni kweli. Hizo alizicheza kwake baada ya sala ya alfajiri, kabla hatujakusanyika, na sisi tulishinda kutwa tukizitengeneza.

Nilidhani mzee atalia. Aliyelia ni mimi, nasema wazi. Yeye alikunja uso, akauvuta ubao karibu.

"Mbaya zipi? Hebu nionyeshe."

Hafsa akaanza na ya kwanza.