Jaketi la Kwenda Rukuba

Tangu mdogo wake Salum alipozama njia ya kisiwa cha Rukuba mwaka 1982, baba yangu, Omari, fundi redio wa Musoma mjini, hakukanyaga tena maji ya ziwa. Samaki alikula, mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, hakufika. Lakini mama yangu, Mwanaupe, alivuka kila Ijumaa kununua samaki kisiwani, na siku hiyo Baba hakumaliza redio ya mtu hata moja mpaka asikie sauti yake uani.

Mwaka 1986, betri zilipoanza kurudi madukani, akaanza kumtengenezea Mama jaketi la kuelea litakalotuna lenyewe.

"Mtu anayezama hana mkono wa kuvuta kamba ya kulijaza, Kijakazi," aliniambia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha fizikia, kwa hiyo vitabu nilimsomea mimi.

Kwenye hoteli moja iliyofungwa alipata vichupa sita vya chuma vya gesi ya kutengenezea soda. Mbele ya kichupa aliweka msumari ulionolewa, nyuma yake springi iliyobanwa kwa uzi wa nyavu, na juu ya uzi akazungushia waya mwembamba. Maji yakigusa vipande viwili vya shaba, transista inaruhusu umeme wa betri, waya unapata moto, uzi unakatika, msumari unatoboa kichupa, na gesi inajaza tyubu iliyoshonwa ndani ya jaketi.

Tulilijaribu uani, kwenye beseni la bluu. Mara tatu lililia pa! Mara tatu niliruka, Baba akanicheka.

"Vimebaki vitatu," akasema. "Sasa ziwani."

Hakusema nani ataingia. Na mimi sijui kuogelea.

Alhamisi asubuhi Masatu, mwenye mtumbwi anaomvushia Mama, alinipeleka penye kina, nimevaa jaketi, akanifunga kamba kiunoni. Baba alisimama mbali, kwenye mchanga mkavu.

"Mwalimu, unatetemeka na maji hujayagusa!" Masatu alicheka. " Sisi tulikuwaga tunatupwa humu tukiwa watoto."

"Kamba ni imara?"

"Hiyo nafungiaga ng'ombe. Ruka!"

Niliruka. Maji yakanifunika, nikasubiri mlio. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nne. Jaketi lilinilalia kifuani kama gunia lililolowa. Miguu ilitafuta chini, chini haikuwepo. Nilifungua mdomo kumwita Baba, mdomo ukajaa maji, na nikajua hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Baba mdogo Salum.

Kamba ikanikata kiuno. Masatu aliponitupa ndani ya mtumbwi, nilimwona Baba. Alikuwa amesimama ziwani, maji kiunoni, kandambili zake mkononi.

Nyumbani Mama alinifunga kanga mbili, kisha akauliza:

"Mlijaribia beseni lipi?"

"La bluu," nikasema.

"Baba Kijakazi! Si ndilo ninalolowekea samaki kwa chumvi? Maji yale ungeonja tu ungejua!"

Nilifunika uso. Kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya ziwa yasiyo na chumvi, nawafundisha watoto wa kidato cha tatu. Na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Baba akachota chumvi ya Mama, akaifunga kwenye kitambaa chepesi, akakishona katikati ya vile vipande vya shaba. Kikilowa tu, maji ya hapo yatakuwa ya chumvi kama ya beseni.

"Nitaingia tena," nikasema.

"Wewe umeshaingia."

Jioni ile ile Baba alivaa jaketi, akapanda mtumbwi wa Masatu, macho ameyafumba tangu ufukweni. Kamba ya kiunoni mwake niliishika mimi kwenye mchanga, nikaizungusha mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Mama alisimama majini.

"Fundi, hapa panatosha," Masatu alisema.

Baba akajiachia. Kichwa kikazama. Nikahesabu moja.

Pa!

Akaibuka, jaketi limemkaba shingo, mikono inapigapiga maji, macho bado ameyafumba.

"Kijakazi!" alipiga kelele. "Limelia?"

"Fumbua macho, fundi," Masatu akamwambia. "Unaelea."

Hakuyafumbua mpaka nilipomvuta nchi kavu.