Mama yangu nilimwita mutumwa wa shamba

Hakuna jambo linaloweza kunishangaza mimi. Nimebeba mizigo ya watu, nimeona vita, ndui imenishika nikapona, na leo hapa Kasongo mupunga wangu unalisha misafara. Yote kwa mikono yangu. Lakini nilikosa, ndugu zangu. Nilikosa vibaya! Jina nalificha.

Mimi ni mutoto wa Wamaza, Mubangubangu kamili wa huku bara. Niliposilimu na kuvaa kanzu, nikaanza kuambia watu nimezaliwa pwani. Bahari sijaiona hata siku moja, lakini niliisimulia vizuri hata wenye kutoka huko walinyamaza wakinisikiliza.

Siku moja nilikaa barazani kwangu na tajiri wa pwani. Nilikuwa naomba kumuoa binti yake, na alikuwa karibu kukubali. Mara mama yangu akatokea, miguu vumbi tupu, kikapo kichwani: nyama ya nyani, imekaushwa kwa moshi. Nyani! Mbele ya mukwe!

"Mutoto wangu, umenenepa," akasema kwa lugha ya kwetu.

Tajiri akauliza, "Huyu ni nani?"

"Mutumwa wangu wa shamba."

"Anajua kupika wali?"

"Sana."

"Mupishi wangu alikufa njiani. Niuzie huyu."

Ningekataa, angeuliza sababu. Nikajibu kama mungwana mukubwa: "Kati ya mimi na wewe hakuna kuuza. Chukua, ni zawadi."

Watu wa baraza wakausifu ukarimu wangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi!

Kiswahili mama anakisikia. Alitua kikapo mulangoni, akaniangalia, akasema kwa lugha ya kwetu: "Ile nyama usiwaachie mbwa."

"Anasema nini?"

"Anasema asante." Tajiri akaondoka naye.

Nyama sikuila. Kuitupa nilishindwa. Kesho yake nikaenda kwa mwalimu wa musikiti, nikamueleza yote, nikidhani atanipa moyo.

"Nani alikuambia dini yetu inakana mama?" akaniuliza.

Nikavaa viatu vyangu mulangoni, nikatoka.

Nikafika kwa tajiri. Mama iko anapuliza moto chini ya chungu chake.

"Bwana, ile zawadi naomba unirudishie."

"Zawadi hairudi. Muzee kama huyu unamulilia nini?"

Baraza ilijaa watu. Nikasema: "Ni mama yangu."

Hakucheka. Alikunywa kahawa yake mupaka mwisho. "Basi bei yake imepanda," akasema. "Na binti yangu usimutaje tena."

Nikalipa. Njiani mama akauliza, "Umetoa ngapi?"

Nikamutajia.

"Ungeniita mama siku ile, ungenipata bure."

Ninyi wenye kanzu mupya, vaeni, inapendeza. Salini. Lakini mama akija na kikapo chake, simameni mumupokee, hata mukwe akiwa anaangalia! Muone mimi: niliyemutoa bure, kumurudisha nilitoa doti arobaini na mbili za kitambaa cha merikani, mbuzi saba, na pembe moja ya tembo.