Opereta Aliyekataa Asante

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na sita. Vijana wa leo wanaobonyeza kioo hawaijui kazi hiyo, kwa hiyo nieleze. Zamani ukinyanyua simu hukumpata moja kwa moja uliyemtaka. Ulimpata mwanamke, akakuuliza namba, akachukua waya wenye ncha ya chuma na kuuchomeka kwenye tundu la huyo unayemtaka. Bila mkono wake mji mzima ulikuwa bubu.

Kabla ya kukalia kiti kile walikula kiapo kwamba litakalopita masikioni lisitoke mdomoni. Wenzake wengine walikuwa wakidondosha mawili matatu sokoni. Wifi yangu, hata hali ya hewa aliyoisikia kwenye simu hakuitamka.

Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miaka miwili alikunywa mafuta ya taa. Yalikuwa kwenye kikombe, na kikombe nilikiweka chini mimi mwenyewe. Nikambeba mbio hadi dukani penye simu. Sauti ya mwanamke ikaniambia, "Usikate," na kufumba na kufumbua nikawa naongea na hospitali. Gari la wagonjwa lilifika kabla sijajua kwamba nalia.

Baadaye mji ulijua yaliyotokea. Laini ya kwenda hospitali ilikuwa moja tu, na saa ile ilishikwa na meneja wa kiwanda akipiga porojo na daktari rafiki yake. Opereta akauchomoa waya wa meneja. Alipoitwa na wakubwa wake kujieleza alijibu, "Ndiyo, nimechomoa." Kwa nini amechomoa hakusema, maana angesema angekuwa ametoa siri ya aliyepiga. Wakamtupa zamu ya usiku mwaka mzima.

Nikamtuma kaka yangu ampelekee kuku wa shukrani. Opereta akamkataa kuku, eti hajui anashukuriwa kwa lipi. Kuku alirudi nyumbani siku ileile. Kaka ndiye aliyekuwa harudi. Mwaka haujaisha, nikawa na wifi.

Tangu hapo, tukimenya viazi au tukiosha vyombo, nimekuwa nikimwambia, wifi, asante kwa yule mtoto. Yeye hujibu, "Mtoto yupi? Nipe kisu." Miaka arobaini na mitatu. Asante isiyopokelewa ni kama mzigo ulio kichwani, na hakuna wa kukutua.

Mwezi uliopita makumbusho yalifungua milango siku nzima bila kiingilio, na binti yangu huyohuyo, sasa mama wa watoto wanne, akatupeleka. Uani kwaya iliimba, watoto wakichora kwenye turubai lililotandazwa chini mpaka visigino vikajaa rangi. Mfinyanzi alikuwa akiwafundisha watu wazima, nao walitoa vyungu vilivyosimama kama walevi. Ndani, chumba cha tatu, nyuma ya kamba nyekundu, tukaukuta ubao wa simu.

Wifi akaguna. Waliopanga maonyesho walikuwa wamezichomeka nyaya zote, kila tundu na waya wake, nadhani ili ipendeze. Kwa opereta, maana yake mji mzima unaongea, mgonjwa hana pa kupitia. Kabla sijamshika nguo, mtu wa miaka sabini na moja alishapita chini ya kamba, anachomoa mmoja baada ya mwingine. Mlinzi akaja mbio akimwambia bibi anaharibu mali ya umma.

"Naokoa wagonjwa, baba," akamjibu bila kugeuka. "Laini ya hospitali haifungwi."

Msichana aliyekuwa akiwaeleza wageni historia kwa kipaza sauti akaelewa upesi kuliko mlinzi. Akamletea kiti mbele ya ubao, watu wakakusanyika, watoto mbele. Akamwomba kwa adabu asimulie japo simu moja anayoikumbuka. Wifi akasema kazi atawaonyesha, maneno ya watu hapana. Msichana akambembeleza kwamba kituo cha simu kilishafungwa na wengi wa waliopiga wamekwisha kufa.

"Aliyekula kiapo hajafa," wifi akasema.

Watu wakacheka, na wengine wakaanza kusogea chumba cha nne. Nikaona wataondoka wakidhani huyu alikuwa mchomeka waya tu. Nikaomba kipaza sauti. Elimu yangu ni ya msingi, lakini kusema ninajua. Nikawaambia simu ninayo mimi, niliipiga mwenyewe, na nikaieleza yote: kikombe, meneja, zamu ya usiku. Kosa langu sikulificha. Nikamvuta binti yangu mbele, nikasema mtoto mwenyewe ndiye huyu, amenipita kimo.

"Wifi," nikasema, "asante."

Aliuzungusha waya mkononi. Kisha akawaambia watu, si mimi, "Kiapo chetu kilisema siri ya mtu haitoki mpaka mwenyewe aitoe hadharani." Ndipo akanigeukia. "Miaka yote unanishukuru jikoni, wifi. Jikoni ni hadharani?"

Nilitaka kumfinya na nilitaka kumkumbatia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema angeniambia, ningejua kwamba alisikia, na kusikia kwenyewe ni siri.

Binti yangu hakungoja tumalize kubishana. Alipita chini ya kamba, akapiga magoti kando ya kiti, akamshika mkono. Wifi akamtazama usoni kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Nilikusikia ukikohoa nyuma ya sauti ya mama yako," akamwambia. "Kikohozi kidogo, kinakatikakatika. Ndiyo maana nilichomoa."

Mimi machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Haya, asante yenu nimeipokea, yote," wifi akasema, akijivutia kiti karibu na ubao. "Sasa nipisheni. Watoto wanataka kuona kazi."