Swali la Mama Jeremia

Siku ile pale Mwamgongo, kijiji cha ziwani, mwanangu, nawakumbuka wote waliokaa karibu nami kwenye jamvi la matanga: Mzee Bukuru mwinjilisti wetu; Mama Jeremia, aliyefiwa na mwanawe Jeremia; Hamisi, mwenye mtumbwi aliokuwa akivulia marehemu; mdogo wangu Yona, ambaye ndiye baba yako; na mimi shangazi yako.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ujamaa. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule darasa la nne, nikawa naanika dagaa wa watu ili wadogo zangu wasome. Yona akafika hadi chuo cha Biblia. Alirudi kwetu Ujiji na kitabu cha mahubiri yaliyoandaliwa tayari, nami nilikitunza kama kitoto kichanga. Nilikishonea hata mfuko wa kitambaa.

Jeremia alikuwa amezama katika dhoruba, na mwili haukupatikana. Mzee Bukuru akampa Yona nafasi ya kuhubiri. Yona alichagua hubiri la Yesu kutuliza dhoruba. Aliona hawa ni watu wa ziwa, habari za chombo na mawimbi zitawafaa. Hata mimi niliona hivyo. Akasoma kwa sauti nzuri, mpaka akafika mahali kitabu kiliposema kwamba mwenye imani hazami.

Mama Jeremia akainua uso.

“Yona, mwanangu. Jeremia alikuwa akiomba kila jioni kabla ya kupanda mtumbwi. Nilikuwa namsikia. Sasa unaniambia alizama kwa kukosa imani?”

Yona akafunua ukurasa wa mbele, halafu wa nyuma.

“Usihangaike, mwalimu,” Hamisi akasema. “Hiyo karatasi haijawahi kulowa.”

Nikawaka. “Mzee Hamisi, usimdhihaki mdogo wangu. Huyu amesoma!”

“Kaa, binti,” Mzee Bukuru akaniambia taratibu. “Tumekuja kumlilia Jeremia, hatukuja kumsifu Yona.”

Akachukua Biblia, akasoma habari ya Yesu kulia kwenye kaburi la rafiki yake. Akaifunga. Akaketi kando ya yule mama, na watu wakalia naye.

Jioni, ufukweni, Mzee Bukuru alimwambia Yona: “Kitabu chako ni kizuri. Hata mimi ninavyo vya namna hiyo, na vimenisaidia sana. Lakini ulikilinganisha na Neno lenyewe? Wale wanafunzi waliambiwa wana imani haba, na bado hawakuzama. Ungesoma sura nzima ungeliona hilo. Halafu, aliyekiandika hakujua kwamba Jeremia amekufa. Wewe ulijua. Tangu jana uko hapa. Umeketi na mama huyu hata kidogo?”

“Hapana, Mzee. Nilikuwa najiandaa.”

Mimi nilitazama chini, maana ndimi niliyewafukuza watu mlangoni ili Yona ajiandae.

Tulipopanda boti, Mama Jeremia alitusindikiza mpaka maji yakamfika magotini. “Utarudi kunijibu, Yona?”

“Nitarudi, mama.”

Hakurudi. Kanisa lilimpeleka kuhudumu mbali, kisha maradhi yakamchukua. Nilikwenda mwenyewe kumtafuta yule mama. Nikaambiwa alihama wakati watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na wengine wakasema alivuka kwa ndugu zake Kongo.

Sasa wewe unaanza kuhubiri, mwanangu. Una vitabu vya ufafanuzi, una ramani, una mahubiri mengi ambayo baba yako hakuyaota. Vitumie, usividharau, watu wametoka jasho kuviandika. Lakini kwanza soma sura nzima kwa macho yako mwenyewe. Kisha nenda ukakae na watu, ujue nani amefiwa na nani amelala na njaa, ndipo ufungue kinywa. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, na usiondoke.

Mungu akupe ulimi usiomuumiza aliyekwisha kuumia. Akupe masikio ya kusikia kabla ya kusema, na maisha marefu ya kumtumikia.

Na ukimkuta popote mama ambaye ziwa limemchukulia mtoto, keti naye. Lakini usidhani kwa kufanya hivyo utakuwa umetimiza ahadi ya baba yako. Mama Jeremia hatujamjibu. Yeye bado anatudai.