Muhogo Uliogoma Kulainika

Kwetu mama anapimwa kwa udaga wake. Unamenya muhogo mchungu, unauloweka kwenye dimbwi bondeni mpaka uvunde, unauanika, unautwanga, na ugali wake unavutika mkononi. Udaga wangu haujawahi kurudi nyumbani kutoka gulioni. Sasa nifikirie mimi, nimeinama bondeni, naminya muhogo uliokwisha kukaa siku zake zote, na wenyewe mgumu kama mpini wa jembe.

Nikaonja maji. Chumvi.

Nilijua inatoka wapi, na ndiyo iliyoniuma. Kisima kirefu cha kijiji chetu, huku Biharamulo nilikoolewa, kina maji ya chumvi tangu kilipochimbwa. Maharage yalikuwa hayaivi, chai hata uitie sukari bado unasikia chumvi. Ndipo ikaletwa mashine ya kuichuja, na anayeiendesha ni mjukuu wangu, binti wa kifungua mimba wangu. Mimi niliishia darasa la pili. Yeye anavaa buti na kushika spana. Sioni haya kusema: nilikuwa naenda kuchota hata kama ndoo zimejaa nyumbani, ili watu wasikie akiniamkia. Lakini mashine ile, mbele inatoa maji matamu, nyuma inatema maji makali yaliyobeba chumvi yote. Na bomba la nyuma mafundi walilielekeza bondeni, kwenye madimbwi yetu.

Jirani yangu, tuliyeloweka naye muhogo tangu tukiwa wake wachanga, hakuninyamazia.

"Mjukuu wako anatunywesha asali mbele, nyuma anatutapikia," alinitupia mbele ya kina mama.

"Chai yako ya leo umepika na maji gani?"

"Ya mashine. Na jioni nile nini, nisonge ugali wa chai?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, alikuwa amenipata.

Kwenye mkutano wa kijiji, watu wa bondeni walitaka mashine izimwe, wa juu walitaka iendelee. Mwenyekiti akaamua: mjukuu wangu apunguze hayo maji makali ya nyuma, kisha muhogo ulowekwe tena. Ukigoma, mashine inafungwa.

"Uwe muhogo wangu," nikasema.

"Wako tutauaminije, bibi wa mashine?" jirani akasimama. "Utakuwa wangu."

Jioni ile mjukuu wangu hakugusa chakula.

"Bibi, naweza kuyarudisha yapite tena kwenye chujio. Yatapungua sana. Ila chumvi haipotei. Yatakayobaki yatakuwa makali zaidi."

"Basi bondeni yasifike hata tone."

"Yaende wapi?"

Mimi nilizaliwa Ntobeye, kwenye nyumba ya wafuga ng'ombe. Baba alikuwa akikoroga chumvi kwenye birika la kunyweshea, na ng'ombe wakisukumana pale kama watu kwenye harusi. Nikamwambia, "Watu hapa wananunua chumvi ya ng'ombe dukani, na wewe unaimwaga?"

Hakulirukia wazo langu. Huyo ndiye mjukuu wangu, hadanganyiki hata na bibi yake. Alimwita bwana mifugo, naye akayapima maji yale. Akasema yafaa, lakini yachanganywe na maji matamu mengi, wanywe wakubwa tu, na si kila siku, ndama wasisogee. Wachungaji wakaanza kuja. Ng'ombe mmoja alilamba hadi ukuta wa birika.

Lakini ng'ombe hawakuyamaliza. Yaliyozidi mjukuu wangu aliyatafutia njia yake: alisimamia mafundi wakajenga bwawa pana lisilo na kina, sakafu yake saruji, jua liyakaushe na chumvi ikwanguliwe. Bomba la bondeni likakatwa, mdomo wake ukazibwa. Mvua ziliponyesha zikaosha madimbwi yetu.

Jirani akaloweka. Kila nikipita ananiuliza, "Umekuja kuupuliza?" Nami namjibu, "Nimekuja kukuona ukishindwa." Lakini nisidanganye, usiku nilikuwa nageuka kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Siku ya kuutoa, bonde lilijaa watu. Mjukuu wangu alisimama mbali, buti zina saruji. Jirani akazamisha mkono mpaka kiwikoni, akaminya, akaupapasa taratibu makusudi, mshenzi yule. Kisha akautoa. Muhogo ukapasuka kiganjani, ukatoa ile harufu yetu ambayo wageni wanaziba pua.

"Umelainika," akasema. "Na wewe usiniletee maringo."

"Nitayaleta. Ukishautwanga, maji ya kusongea utachota wapi?"

Akaufuta mkono kwenye khanga, akamtazama binti kule juu.

"Nitachota kwa mjukuu wetu."

"Wetu tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Nisaidie kubeba huu muhogo, mzee wewe, unaniangalia tu."

Nikabeba. Ulikuwa umejaa maji, mzito, ukinichuruzikia mgongoni njia nzima, nami nikapita nao taratibu mbele ya watu wote.