Picha Kubwa ya Mtu Aliye Hai

Amefariki jirani yangu, yule mama aliyewauzia wengi wenu samaki wa ziwa Tshangalele. Nilipofika matangani nilikuta ndugu zake wakibishana na mumewe, dereva wa lori. Walitaka picha ya kadi yake ya mpiga kura ikuzwe upesi, iwekwe mbele ya waombolezaji kama desturi yetu. Mume alikataa. Mkewe alikuwa tayari ukutani, mkubwa kama dirisha, anacheka kinywa wazi, mikono imejaa magamba ya samaki. Dada mkubwa wa marehemu alisema kicheko kile kitaitia familia aibu.

Picha ile aliitengeneza marehemu mwenyewe. Alipenda picha kubwa, na mfuko wake ulikuwa mdogo. Alipeleka picha ya simu kwa mwenye mashine ya fotokopi, ikakuzwa na kutolewa vipande vipande kwenye karatasi za kawaida, akaviunga nyumbani juu ya katoni kwa gundi ya unga wa muhogo. Pembeni alizungusha vibao vilivyobaki kwenye dari ya mtu, juu akavuta nailoni ya kufunikia madaftari. Nyuma, kila kona, alibandika kifuniko cha chupa ili hewa ipite, maana kuta zetu hutoa jasho wakati wa mvua.

Ya kwanza kuitengeneza hivyo ilikuwa ya mumewe, akaitundika sebuleni kuelekea mlango. Sasa, huku kwetu uso mkubwa ukutani una maana moja tu. Kina mama wa kanisani walipita kusalimia, wakauona, wakajifunga vitenge kiunoni na kuangua kilio. Mmoja alikwisha kuuliza kuni ziko wapi. Mwenye uso huo alikuwa anaoga uani. Akatokea na sabuni masikioni.

“Bamama, munalilia nani? Ni nani alikufa?”

“Ni weye!” akajibu mmoja wao, macho bado ameyafumba kwa kilio.

Tulicheka mwezi mzima, lakini mume alikasirika kwelikweli.

“Toa ile foto! Unaniitia kifo mu nyumba!”

“Ukikufa utaiona namna gani?” mkewe akamjibu. “Weye iko muzima, njo maana nakuweka mukubwa.”

Hasira zilipoisha, ni mume huyohuyo aliyempiga picha mkewe sokoni na kumwomba aikuze.

Nimelifikiria sana neno la yule mama. Tuna ubahili wa ajabu kwa walio hai. Tunajificha nyuma ya mgema na tembo lake, sifa zote tunazitunza kwa ajili ya jeneza. Watu wanatoka alfajiri kwenda kuchimba madini Kamatanda, nyuso zao zimo kwenye simu ambazo kesho zitaibiwa au kuharibika. Kisha mtu akiondoka, tunakuza sura aliyokuwa nayo siku alipochoka kupanga foleni ya kadi. Inaniuma.

Siku ile ya matanga mume hakubishana zaidi. Aliibeba picha mwenyewe, akaisimamisha kwenye kiti chini ya turubai. Walioingia wakilia walitabasamu kidogo, halafu wakalia zaidi. Dada mkubwa aliisogelea, akainyoosha nailoni.

“Kweli,” akasema, “ni yeye.”

Basi msomaji wangu, mwenye mtu wake asingoje matanga. Katoni ipo, unga upo, na mwenyewe bado yupo, akugombeze kwa kumtoa mnene hivyo pichani.