Nilidhani ni Malori

Tarehe kumi na nane mwezi wa nne mwaka 2012 tulimpoteza kaka yangu Ekidor, pamoja na kisima, sepetu na mtungi wa manjano wa lita ishirini. Ekidor alionekana kesho yake. Mtungi ulionekana baada ya siku tano, umenaswa kwenye miiba. Sepetu haikuonekana. Kaka alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja, niko darasa la nne, na shule zilikuwa zimefungwa.

Haya nawaandikia wenzangu tuliokua pamoja Kakuma miaka hiyo. Hatujazeeka, lakini tukikaa pamoja tunaongea kama wazee. Mnakumbuka Tarach ilivyokuwa. Kwa asiyeijua, Tarach ni laga, yaani mto ambao karibu mwaka mzima hauna maji juu. Ni mchanga mpana, mweupe, unaounguza nyayo saa sita za mchana hadi mtu anakimbia kwa visigino. Maji yako chini. Kila familia ilikuwa na mahali pake pa kuchimba, na hata mafuriko yakipita na kufuta kila kitu, mahali pale palibaki penu. Hakuna mtu angekuja kuchimba hapo bila kuwauliza.

Mwanzoni mwa kiangazi maji yalipatikana kwa kuchimba hadi magotini. Kiangazi kikikaza, kisima kilishuka hadi urefu wa watu watatu, mmoja juu ya mwingine. Aliyekuwa chini alikata vishimo vya kukanyagia ukutani, akawa anajaza karai, na wa juu anavuta. Wa tatu hakugusa sepetu wala karai. Kazi yake ilikuwa kukaa ukingoni, kwenye kona ya laga, na kusikiliza. Mvua huweza kunyesha mbali, huko milimani upande wa Uganda, na hapa kwetu mbingu ni safi kabisa. Maji yanakuja siku nyingine, au saa nyingine, bila wingu hata moja. Aliye kisimani hasikii chochote. Kwa hiyo lazima mtu asikilize kwa niaba yake. Kazi hiyo walipewa watoto, kwa sababu masikio ya watoto ni mazuri na mikono yao haina nguvu.

Siku hizi naona vijana wa Kakuma wakiambiwa laga inakuja, wanakimbilia kwenye laga, simu juu, wanapiga video. Mmoja mwaka juzi alisimama hadi maji yakamchukua viatu. Alipotoka alikuwa anauliza kama video imehifadhiwa. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Enzi zile hatukuwa na simu, tulikuwa na kati, mchezo wa kumlenga aliye katikati kwa mpira. Mpira ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, na mipaka ya uwanja ilikuwa ndala zetu, ndiyo maana kila jioni kuna aliyerudi nyumbani na ndala moja. Shuleni tulikula githeri, mahindi na maharagwe, na mpishi alikuwa na tabia ya kuwapa wa mwisho zaidi, kwa hiyo tulisukumana tukitaka kuwa nyuma. Nyumbani kulikuwa na maziwa ya mbuzi yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Harufu ile ya moshi ndani ya maziwa sijaipata tena mahali popote, na nimeitafuta.

Baba alifariki nikiwa mdogo, simkumbuki. Ekidor ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mchanga wa moto. Pia ndiye aliyenitania. Nilikuwa mlafi, na hilo alilifanya jina langu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Achol. Familia yake ilitoka Sudan Kusini, wakaishi katika kambi ya wakimbizi, na mama yake aliuza chai na mandazi sokoni. Achol alikuwa mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima na hakuogopa mtu. Tulikutana kwenye laga, yeye akitafuta kuni, tukaanza kugawana alichonacho na nilichonacho. Yeye alileta mandazi ya jana. Mimi nilimwonyesha mikoma iliyozaa vizuri. Koma ni tunda gumu, unaliguguna kama mbwa na mfupa, na utamu wake ni kidogo, lakini unakaa mdomoni nusu siku.

Siku ile Mama alikuwa anapeleka makaa kambini. Kisima kilikuwa kimeanza kutoa maji ya tope, na Ekidor alitaka kukishusha kidogo tu. Ilitakiwa watu watatu. Tulikuwa wawili. Alisema atajaza karai chini, apande nalo mwenyewe, amwage, ashuke tena.

Mama aliniambia, "Nakiru, kaa hapo ukingoni. Ukisikia kitu, hata kama ni upepo, ita."

Ekidor akacheka. "Huyu? Huyu husikia sufuria tu."

"Nyamaza wewe, shuka," Mama akasema, naye anacheka. Akajitwika gunia akaenda.

Nilikaa. Sijui ni muda gani, labda muda ambao mtu anaweza kupika ugali. Kisha Achol akaja, akasema kuna makoma yameanguka nyuma ya kona, na watoto wa upande ule watayamaliza. Nilimwangalia Ekidor akimwaga karai, akashuka. Nikainuka, nikaenda. Hakuna aliyenilazimisha. Nyuma ya kona hapakuwa mbali, lakini kutoka pale huwezi kuona kisima, na aliye kisimani hawezi kukusikia.

Tulikuwa tunaokota, tumeshika sketi zetu kama vikapu, niliposikia ngurumo. Niliisikia mapema, ikiwa bado mbali. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Masikio yangu yalifanya kazi. Lakini kila wiki malori ya chakula cha kambi yalipita barabara ile, mengi, moja nyuma ya jingine, na ardhi ilinguruma vilevile.

"Malori," nilisema.

"Leo tunapata unga," Achol akasema, akaanza kucheza kidogo, mabega yake yanaruka. Tukacheka.

Tulipojua si malori, maji yalikuwa yamefika kwenye kona, ya kahawia, na mbele yake yanasukuma miti. Tulikimbia juu ya ukingo. Nilipofika mahali pangu laga ilikuwa imejaa huku na huku. Hapakuwa na kisima wala alama kwamba kiliwahi kuwepo.

Mjomba wangu Lomuria alifika wa kwanza, akanishika mabega. "Ulimwita?"

Nikasema ndiyo.

"Akasikia?"

Nikasema hapana, nimeita sana, hakusikia. Achol alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinisikia.

Maneno hayo mawili yalikwenda mbele kuliko mimi. Kwenye mazishi watu walinishika kichwa. Mama alivua shanga zake zote shingoni, na alipoulizwa ilikuwaje, alisema mtoto wake aliita hadi sauti ikakauka. Alikuwa ananipa maziwa kabla hajanywa yeye, kwa sababu niliita. Kila mara nilikunywa. Nilikuwa mlafi, nimeshasema.

Baada ya mwezi mmoja Mama hakutaka tena kuiona Tarach. Mbuzi tulimwachia Mjomba, tukaenda Lodwar kukaa na mama mdogo, ambaye alikuwa anasuka vikapu vya majani ya mkoma. Nyumba nzima ilijaa majani hayo. Nilisaidia kuyachana jioni baada ya shule, na mama mdogo alisema nina mkono mzuri, na kwamba hajawahi kuona mtoto anayechana kwa utulivu hivyo. Haukuwa utulivu.

Lodwar nilisoma vizuri kidogo na kucheza kidogo. Jumapili tulikaa kwenye mkeka nyuma ya kanisa, na siku moja mwalimu wetu alituuliza, katika vitu vyote alivyoumba, Mungu anafanana na kipi zaidi. Mmoja akasema jua. Mwingine akasema mlima, maana hauhami. Kijana mmoja akasema ngamia, kwa sababu anavumilia, na mwalimu akaandika ngamia ubaoni. Nilipoulizwa nikasema laga.

"Kwa nini laga?"

"Inakuja bila kusema."

Yule wa ngamia akapaza sauti, "Basi Mungu amejaa miiba na mizoga ya mbuzi!" Watoto wakaanguka kwa kicheko. Mwalimu akamwambia akae chini, akaandika laga chini ya ngamia, akaendelea. Sikuwa nataka kumtukana Mungu. Nilikuwa nasema nilichokiona.

Mwezi wa pili mwaka 2013 Mjomba alituma habari. Mbuzi wanakufa. Kwa sababu mahali petu hapajachimbwa, anaomba maji kwenye visima vya watu, na mbuzi wetu wanakunywa mwisho, jioni, yaliyobaki. Mama alikaa na habari hiyo siku mbili. Siku ya tatu tukapanda lori la mchele, tukarudi Kakuma. Nilikosa muhula wote ule, na hesabu sikuzipata tena vizuri hadi nilipoacha shule baada ya darasa la nane.

Mchanga ulikuwa laini kama hakuna kilichotokea. Mama alipima kwa hatua kutoka kwenye mti wa mgunga wa ukingoni, akasimama, akasema, "Hapa." Mjomba alichimba, Mama akavuta karai, mimi nikaambiwa nichunge mbuzi mbali. Hakuna aliyeniambia nisikilize. Kazi hiyo alipewa mtoto wa jirani.

Siku ya pili maji yalitoka, na Mjomba alikuwa bado anaonekana kifua. Alishangaa. "Mwaka jana wakati kama huu tulishuka urefu wa watu watatu. Yale maji yalikuwa mengi, yamelala humu humu chini." Kisha akasikia alichosema, akarudi kuchimba.

"Sema tu," Mama akamwambia. "Ni kweli."

Mbuzi walikunywa mchana, wa kwanza. Nilisimama pale nikiangalia matumbo yao yakijaa. Maji yale yale. Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu Mungu wa mahali petu, ambaye sisi tunamwita Akuj. Ameyaficha maji chini ya mchanga ili jua lisiyanywe yote. Hana haraka. Hafuti mahali pako hata mafuriko yakifuta alama. Haya nayajua kwa sababu nimeyachimba kwa mikono. Lakini siwezi kusema alimchukua Ekidor ili mbuzi wanywe. Nikisema hivyo nitakuwa nimeongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Ule wa kwanza ulikuwa bado haujatoka. Mwezi wa tatu nilimkuta Achol sokoni kambini, akisaidia mama yake kuosha vikombe. Alikuwa amerefuka zaidi. Alinipa andazi, la moto safari hii, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mimi nilimwambia mama yangu. Wewe umemwambia wako?"

"Bado."

"Wewe Nakiru," akasema. "Mwaka mzima? Hulali tumbo linauma?"

Nilirudi nyumbani na andazi mkononi. Mama alikuwa anamimina maji kwenye hori la mbuzi. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, kuanzia makoma. Nilimwambia niliisikia ngurumo na nikasema malori. Nilimwambia sikuita hata mara moja.

Alimaliza kumimina mtungi. Akauliza, "Mlicheka?"

"Tulicheka."

Akachukua mtungi mwingine. Siku hiyo hakusema neno tena, wala siku tatu zilizofuata. Alinipikia. Aliniwekea chakula na kwenda kukaa nje. Sikuwahi kupigwa, na ni heri ningepigwa.

Siku ya nne kisima kilianza tena kutoa tope. Kiangazi kilikuwa kimekaza na shimo lilikuwa limefika mara mbili ya urefu wa Mama. Mjomba alikuwa ameenda Kaaleng na ngamia, na mtoto wa jirani siku hiyo alikuwa shuleni. Mama alitengeneza vishimo vya kukanyagia, akafunga kanga kiunoni. Nilidhani ataniambia nishuke mimi. Nilikuwa tayari, na niliona ni haki.

"Kaa pale ukingoni," akasema. "Mimi nashuka."

Akashuka. Niliona kichwa chake kikiingia, kisha mikono, kisha hakuna.

Nilikaa. Sikukaa kwenye kivuli, maana majani ya mti yanapiga kelele. Nilifunga macho. Nilisikia mbuzi, mtu akipasua kuni mbali, sepetu yake chini kidogo sana. Kisha, upande wa juu, ngurumo nyembamba. Sikungoja kujua ni nini. Niliita, nikakimbia hadi kwenye mdomo wa kisima huku naita, "Mama! Toka! Mama!"

Alipanda mbio, tope hadi kwenye nywele, tukashikana mikono tukakimbia hadi ukingoni. Tukasimama tunahema. Ilikuwa ndege ndogo, imetokea nyuma ya kilima, inashuka kwenye uwanja wa ndege.

Mama aliiangalia hadi magurudumu yakagusa chini. Alifuta tope machoni kwa nyuma ya kiganja. Kisha akarudi kwenye kisima, akashuka tena.